Maini ya Katikati ya Mto Athi

Tangu turudi, kila anayekuja kibandani kwangu kununua nyama huuliza jambo moja kabla hajauliza bei: ni kweli nilimpikia baba yangu ndani ya boti? Nyinyi dada zangu wa chama mmeniuliza kuliko wote, na kila nikianza kueleza, ama mteja anakuja, ama mnacheka kabla sijafika mahali penyewe. Basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, na msiruke kwenda mwisho.

Kwa asiyejua, baba yangu Kilonzo ana ndugu mmoja tu, Mutinda, mdogo wake, anayeishi Kiboko upande wa Makueni. Nyanya, mama yao, alipofariki, kila mmoja alitaka azikwe kwake. Baba alishinda kwa kuwa ndiye mkubwa, nyanya akalazwa hapa Matinyani. Pale pale kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, baba mdogo akasema hatakula tena chakula juu ya udongo wa Kitui mpaka afe. Baba akamjibu kwamba yeye naye hatakula juu ya udongo wa Makueni. Hakikuwa kithitu, kile kiapo cha wazee kinachoua, maana wote wawili ni watu wa kanisa. Yalikuwa maneno tu. Lakini kwetu maneno ya kaburini hayachezewi, na miaka ikapita sisi watoto tukipigiana simu za Krismasi kwa niaba yao.

Mwaka huu koo la baba likaanza kuziba. Daktari akasema watampasua, na baada ya hapo atalishwa kwa mpira unaoingia tumboni. Hatakula tena kwa mdomo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, na tulipotoka nje akasema, "Nataka kula na Mutinda kwanza."

Pasta wetu alijitolea kuyaombea yale maneno yafutike. Baba akamwambia Mungu hakuulizwa wakati wa kuapa, asisumbuliwe sasa. Ni Kioko, mtoto wa baba mdogo, fundi wa pampu za mashamba ya kando ya Athi, mto unaotenganisha Kitui na Makueni, aliyesema kwenye simu kwa mzaha, "Si basi wakulie kwa maji. Athi si ya mtu." Mimi nilicheka. Wazee hawakucheka hata kidogo. Baba aliongeza sharti lake: chakula kipikwe huko huko majini, kwa sababu kikipikwa ukingoni ni cha ukingo huo.

Matinyani hadi Kitui

Mnalijua jiko langu dogo la gesi, lile lenye wavu wa kuchomea, ninalobeba kwenye harusi za watu. Nililipakia kwenye gari langu la Probox pamoja na mtungi mdogo, kisu, ubao, sufuria mbili na mto wa kumwekea baba mgongoni. Kuni ndani ya boti zingekuwa wazimu, na makaa hutema cheche. Gesi niliiona kama kitu cha adabu: unaizungusha inawaka, unaizungusha inazima.

Kitui mjini nilisimama kununua mpira mpya wa gesi, maana ule wa zamani ulikuwa umepasuka karibu na kichwa cha mtungi. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, akauliza napikia wapi.

"Kwa boti," nikamwambia.

"Boti? Hapa Kitui?" Akatazama nje kama anayetafuta bahari. "Sawa, mama. Lakini ujue hii gesi haipandi juu kama moshi. Inashuka, inalala chini. Nyumbani itatokea hata chini ya mlango. Sasa hiyo boti iko na mlango?"

Nilimsikia kwa sikio moja tu, kwa sababu baba alikuwa ameshuka garini na sikumwona. Nilimkuta kwenye genge la matunda, amesimama mbele ya mapapai yaliyokatwa, akiyatazama bila kugusa. Akaniambia ananusa tu. Tukasimama wote wawili tukinusa mapapai, na mwenye genge hakutuuliza kitu.

Kitui hadi Ikutha

Gurudumu lilipasuka tukiwa tumeshapita Mutomo, na la akiba lilikuwa limelegea kama chapati. Kijana mmoja mwenye pikipiki akalibeba kwenda kulijaza upepo, akasema anarudi sasa hivi. Sasa hivi ya Ukambani mnaijua.

Sijui tulikaa pale muda gani. Joto lilikuwa limesimama juu ya lami, na barabara mbele yetu ikaanza kung'aa kama maji. Ng'ombe walivuka ndani ya ule mng'ao na miguu yao haikuonekana, wakawa ni migongo tu inayoelea. Baba akasema kwa ile sauti yake iliyobaki nusu, "Mutinda alikuwa anaogopa hayo maji ya barabara. Nilikuwa namwambia atazama." Akacheka, akakohoa, nikamshika kifua. Nikafikiria kwamba huenda watu wote wanasafiri hivi kuelekea kwa ndugu zao, wakiongozwa na maji ambayo hayapo.

Mama mmoja akatoka kwenye boma la karibu na kikombe cha uji. Alikuwa ametuona kutoka jikoni kwake. Alipomwona baba anavyoshika koo, hakumpa. Alirudi nao ndani, akauchuja kwa kitambaa, akauleta tena ukiwa mwembamba kama maziwa. Hakutaka kujua tunakwenda wapi. Baba alikunywa wote, na ilichukua muda mrefu sana, na yule mama alisimama akingoja kikombe chake bila haraka yoyote.

Ikutha tulifika jua likielekea kutua. Niliteremsha jiko kulifuta vumbi, nikaliweka kando ya gari. Kugeuka, watu wamepanga foleni.

"Hii chips inaanza saa ngapi, mwaitu?" mzee mmoja akaniuliza.

"Hakuna chips, mzee. Hii ni jiko ya safari."

"Ii, sawa. Sisi tutangoja."

Na kweli walingoja, wakipiga hadithi, mpaka nilipolirudisha jiko garini ndipo wakatawanyika wakiwa wamenichukia kidogo. Tulilala kwenye chumba cha kukodi. Asubuhi baba mwenyewe aliingia buchari, akachagua maini ya mbuzi. Yalikuwa bado na joto. Alimwambia mwenye buchari ayakate membamba, na akasimama kuhakikisha.

Ikutha hadi Kiboko, halafu mtoni

Kioko alitusubiri ukingoni upande wa Kitui, mahali ambapo mto ni mpana na umetulia, chini ya shamba la vitunguu analofanyia kazi. Boti ilikuwa ya bati, ndogo, ile wanayotumia kukagulia pampu. Alikuwa ameiosha. Shida ni kwamba baba yake hakuwa anashika simu tangu jana yake.

Nikamwacha baba kivulini na Kioko, pamoja na jiko, na maini yakiwa kwenye ndoo ya barafu. Nikazunguka kwa daraja, nikapita Kibwezi, nikashika barabara ya Mombasa kati ya malori hadi Kiboko, nikiwa na hasira njia nzima. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Wanaume wawili wazee, kaburi moja, na mimi ndiye wa kuungua na jua.

Nilimkuta baba mdogo ameketi jikoni, amevaa suti ya kanisa, viatu vimepigwa rangi. Mbele yake kulikuwa na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, imefunikwa, imepoa. Maneno yangu yote yakanitoka.

"Nimepika tangu jana," akasema. "Aliipenda ikiwa laini. Nimepika mpaka ikawa laini kabisa. Halafu nikakumbuka imepikwa Makueni. Sasa nitaenda mikono mitupu, Mwikali? Kwa mkubwa wangu?"

"Leta chumvi, baba mdogo."

Akafikiri. "Chumvi si chakula?"

"Haijapikwa."

Alilifikiria hilo kwa makini, akasema, "Ii," akachukua chumvi akaifunga kwenye gazeti. Tulipopita Kibwezi akauliza, akitazama dirishani, "Anameza?"

"Vitu laini. Kidogo kidogo."

Alikishika kile kifurushi cha chumvi kwa mikono miwili hadi mtoni.

Majini

Kioko alimleta baba kwa boti hadi ukingo wa Makueni kutuchukua. Baba hakushuka. Baba mdogo alisimama kwenye mchanga na suti yake, wakashikana mikono juu ya ubavu wa boti, wakasema habari ya siku nyingi, nzuri, kama majirani waliokutana sokoni. Kioko akatuvalisha makoti ya kuelea ya pale shambani, yale ya rangi ya chungwa. Akapiga kasia hadi katikati, akatupa jiwe lililofungwa kamba, tukasimama.

Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na yalipita taratibu bila sauti. Ukiyatazama sana unahisi ni wewe unayekwenda. Mbali chini, kiboko mmoja alikoroma, akanyamaza. Nilisahau kwa dakika kwamba nimekuja kupika.

Sasa sikieni kosa letu, maana ni kosa la watu wa nchi ya upepo. Sisi tumekuzwa kuficha moto. Mama zetu walitufundisha jiko liwe chini, upepo uzibwe, mlango wake usielekee upepo. Kioko, kwa wema wake, alikuwa amefunga turubai juu ya boti kuwapa wazee kivuli, akaliteremsha kila upande mpaka chini kuzuia upepo. Nami, kwa wema wangu, nikaweka jiko chini kabisa kwenye sakafu ya boti, mtungi pembeni yake, pamebanwa vizuri. Nikawasha, nikaona moto wa buluu, nikafurahi. Kisha nikageuka kumkalisha baba na mto wake mgongoni.

Upepo ulipenya mahali. Sikuusikia. Baba alikuwa akilalamika kwamba amekaa upande wa Makueni, Kioko akimweleza kwamba katikati ya mto hakuna upande, na mimi nikimwambia anyamaze asipoteze sauti. Nikainama kuchukua kisu sakafuni. Nikiwa nimesimama sikuwa nimenusa kitu. Nilipoinama, harufu ikanijaa kichwani.

Nikainua macho, nikamwona baba mdogo ametoa kiberiti mfukoni mwa suti.

"Imezimika," akasema kwa upole. "Ngoja nikuwashie."

Nikamshika mkono wote, kiberiti na vidole. Sijawahi kumshika mtu mzima hivyo, tena baba yangu mdogo. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Usiwashe. Mtu yeyote asiwashe kitu. Kioko, usiiguse simu yako." Nikafunga mtungi kichwani, nikafunga jiko. Nikamwambia Kioko afungue turubai lote, akalivua pole pole. Jua likatuangukia. Tukakaa tukitazama sakafu ya boti, ambayo ilikuwa kavu na safi na haikuwa na kitu chochote cha kuonekana.

Hapo ndipo maneno ya yule kijana wa Kitui yakanirudia yote. Inashuka, inalala chini. Nyumbani itatokea chini ya mlango. Boti ni bakuli, dada zangu. Tulikuwa tumekaa ndani ya bakuli la gesi.

"Choteni," nikasema, nikawapa wazee sufuria kila mmoja.

"Tuchote nini?" baba akauliza. "Hii boti ni kavu."

"Choteni tu. Chini kabisa, kama maji, mmwage nje. Pole pole, bati lisigongane na bati."

Baba mdogo alianza, kwa kuniheshimu kuliko kuniamini. Aliinama, akachota hewa, akamwaga mtoni. Baba akamtazama kidogo.

"Unamwagia upepo," akamwambia. "Utarudishiwa. Nipe mimi."

Basi baba mdogo akapiga magoti chini, akachota, akainua sufuria. Baba akaipokea, akamwaga upande wa pili, akarudisha ile tupu huku akipokea iliyojaa. Iliyojaa nini, sijui niseme. Mikono yao ikashika mwendo. Niliutambua ule mwendo kabla sijajua nautambua: ni wa kisima cha mchangani, wakati wa kiangazi, mto ukikauka na watu wakichimba mpaka maji, mdogo anaingia shimoni na mkubwa anabaki juu kupokea. Walikuwa wamefanya hivyo utoto wao wote. Hawakutazamana. Vyombo vilipanda na kushuka kati yao bila kumwagika, vikiwa havina kitu.

Ukingoni upande wa Kitui, kina mama waliokuwa wakifua nguo walisimama kututazama.

"Hiyo boti inazama?" mmoja akaita.

"Aiee," Kioko akajibu. "Haina maji."

Wakatutazama tena, wazee wawili wenye makoti ya chungwa wakichota kutoka kwenye boti kavu kwa bidii, na mmoja wao nadhani alianza kuomba.

Tulichota mpaka nilipoweka uso wangu sakafuni nikanusa bati tu na samaki wa zamani, na hata hapo nikataka tungoje upepo upite zaidi. Nikapaka mpira maji ya sabuni kuona kama unatoa mapovu, haukutoa. Kosa lilikuwa langu na la upepo. Safari hii niliinua jiko juu ya ubao wa nyuma, peupe kabisa, nikalifunga kwa kamba lisiteleze. Mtungi nikausimamisha upande ule upepo unakokwenda, ili ukivuja uvujie mtoni. Ndoo ya maji karibu na mguu wangu. Wazee mbele, wasisimame. Niliwasha kijiti kwanza, ndipo nikafungua gesi, na sikuondoa macho kwenye ule moto tena. Acha upepo uupige. Afadhali moto unaoyumba ukiuona kuliko uliotulia umeuficha.

Maini huiva haraka. Harufu ilipotoka baba alifumba macho. Nilikata vipande vidogo kama kucha, baba mdogo akafungua gazeti lake akanyunyiza chumvi mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Nyumbani kwetu mdogo ndiye humpa mkubwa kipande cha kwanza. Alikishika kwa vidole viwili, akakiweka mdomoni mwa kaka yake.

Baba alitafuna muda mrefu. Sote tulitazama koo lake, na najua si adabu kumtazama mzee hivyo, lakini tulitazama. Koo likapanda, likasimama, likashuka. Baba mdogo akaachia pumzi aliyokuwa ameishika. Mimi nililia, na nikasingizia moshi, ingawa gesi haina moshi.

Ni wakati ule nilipohisi kitu chini ya miguu yangu. Mkwaruzo mdogo, laini. Nikatazama nyuma. Lile jiwe la Kioko lilikuwa limeburutwa kidogo kidogo wakati tulipokuwa tukihangaika, na boti ilikuwa imekwenda na mto, ikazunguka, ikalaza mkia wake kwenye fungu la mchanga. Mchanga wa Makueni. Kioko naye aliona. Akanitazama, nikamtikisia kichwa. Baba alikuwa amemwelekea ndugu yake, mgongo kwetu. Akatema mate kidogo mtoni, akafuta mdomo.

"Kingine," akasema.

Akala kingine. Na kingine. Baba mdogo naye akala, wakaulizana ng'ombe fulani aliyekufa zamani aliitwa nani, wakabishana, na hakuna aliyekumbuka.

Kurudi

Tulirudi kwa daraja, baba amelala kiti cha mbele, au nilidhani amelala. Tulipokaribia Ikutha akafungua jicho moja.

"Boti ilikuwa imegusa," akasema.

Nikashika usukani vizuri. "Uliona?"

"Niliisikia chini ya viatu."

"Wakati gani, baba?"

"Nikiwa na kipande cha kwanza mdomoni," akasema. "Ndiyo maana nikaomba kingine." Akafunga jicho.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Anaendelea vizuri, anawasalimu, ingawa sasa anaandika kwa kidole kwenye kiganja cha mtu anapotaka kusema jambo. Mnaouliza kama anasikia njaa, hasikii, mpira unamtosha. Anachokosa ni utamu.

Jumapili iliyopita, nikiwa nimeinjika ugali jikoni, nilisikia hodi. Alikuwa baba mdogo, na suti ile ile, amekuja kutoka Kiboko peke yake. Alianza kwa kwenda kaburini kwa nyanya, akasimama huko kidogo. Kisha akaingia, akaketi mezani mkabala na baba, hapa Matinyani, juu ya udongo wa Kitui, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

"Nipakulie," akaniambia.

Nikampakulia ugali na maini. Baba akavuta kiti karibu. Akaichukua chumvi, akamnyunyizia mdogo wake, kisha akaketi akimtazama anavyotafuna, na koo lake mwenyewe likawa linapanda na kushuka naye, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha.